Kiondo Changu Kwenye Foleni ya Gurudumu

Majina yote ninayo. Shule niliishia darasa la tatu, na mpaka leo ukiniambia nigawanye hesabu nitakuangalia tu, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja linakaa. Naweza kukutajia akina mama wote tuliopanga nao mitungi siku kioski cha maji kilipofunguliwa kwetu Nuu, na watoto waliokuwa nao mgongoni, na ng'ombe wao waliokuwa na majina. Hapa lakini sitaandika jina la mtu hata mmoja. Hao nitakaowataja walikuja kwenye bustani ya michezo kufurahi, hawakuja ili wawekwe kwenye kitabu. Na tena tuligombana kidogo.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka tisa. Nilimlea tangu hajaota meno. Mama yake, ambaye ni kifunga mimba wangu, alienda Wote, huko Makueni, kutafuta kazi ya kushona nguo. Alipata kazi, halafu akapata mume, mtu mpole wa kanisa, halafu wakapata nyumba yenye chumba cha mtoto. Mwezi wa kumi na moja akanipigia simu. "Mwaitu," akasema, yaani mama, "shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza nataka mtoto awe hapa na mimi."

Ningesema nini? Mtoto ni wake. Nilisema sawa, nikaweka simu chini, nikatoka nje nikahesabu mbuzi ambao hawakuwa wamepotea.

Mtoto mwenyewe hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alianza tu kuuliza habari za umbali. Wote ni mbali kama wapi? Ukisimama huko, vilima vyetu unaviona? Sisi watu wa Nuu tumezaliwa chini ya vilima, na mtu akizaliwa hivyo hudhani dunia nzima ina ukuta upande mmoja. Huyu mtoto kila asubuhi akitoka nyumbani huvitazama kwanza, kabla hajanawa uso. Nikamwambia ukweli, kwamba kutoka Wote havionekani, kuna vilima vya watu wengine katikati.

"Basi siendi," akasema.

Hakusema kwa ukaidi. Alisema kama mtu anayekataa kuongezewa chai. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Mwezi wa kumi na mbili kanisa letu likatangaza kwamba watoto wa shule ya Jumapili watapelekwa kwenye bustani mpya ya michezo iliyofunguliwa nje ya mji wa Mwingi. Mwalimu wao alisimama mbele akaeleza yaliyoko: nyumba ya kurukia iliyojazwa upepo, gari moshi dogo, na gurudumu kubwa lenye viti, ambalo mtu akifika juu kabisa anaona mpaka Nuu. Niliona kichwa cha mjukuu wangu kikigeuka. Hakusikiliza tena mahubiri, na mimi pia sikusikiliza, nilikuwa namngoja.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akasema, "Susu." Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. "Tukipanda hilo gurudumu, nikiona vilima nikiwa mbali, basi nitajua vinaonekana kutoka mbali. Nitaenda Wote."

"Tutapanda," nikasema.

"Mimi na wewe. Si mimi na watoto wa darasa."

"Mimi na wewe."

Magoti yangu yalisikia ahadi hiyo yakanyamaza. Mimi hata ngazi ya dari siipandi. Lakini nilikuwa nimeshasema, na mtoto yule huhifadhi maneno kama mimi ninavyohifadhi majina.

Tulifika Mwingi jua likiwa limepanda. Dereva wetu, mzee wa kanisa asiyependa mzaha na mto, alitusimamisha kwenye mlango wa basi akatuonyesha mawingu upande wa mashariki. "Saa kumi kamili tunaondoka," akasema. "Mto ukijaa pale kivukoni hakuna kuvuka, na mimi sitajaribu. Atakayekosekana atalala Mwingi na Mungu wake."

Watu walikuwa wengi kuliko siku ya soko. Wa Mwingi wenyewe, wa Nairobi waliokuja nyumbani kwa Krismasi wakiwa na miwani myeusi, na familia za Waislamu zilizoteremka kwa barabara ya Garissa, mabasi mawili mazima, akina mama wenye mitandio mirefu na watoto wenye viatu vipya. Jenereta ilikuwa inanguruma nyuma ya ua. Na hapo katikati ndilo hilo gurudumu, limepakwa rangi nyekundu na ya samawati, likizunguka polepole kama mtu anayefikiri.

Tulianza na vitu vidogo, kwa sababu mwalimu alitaka watoto wote wawe pamoja. Tukala chapati. Ilipofika saa nane ndipo tukaachiliwa kila mtu aende anapotaka, na mimi na mjukuu wangu na jirani yangu mmoja, mwanamke wa rika langu mwenye ulimi unaojulikana Nuu yote, tukaenda kwenye gurudumu. Foleni ilikuwa imetoka langoni, ikapita mbele ya duka la soda, ikapinda. Kivuli hakikuwepo hata cha kufunika paka.

Basi tukafanya vile tunavyofanya kwetu.

Nieleze. Kwenye kioski cha maji kwetu hakuna mtu anayesimama foleni. Maji yenyewe huja yakitaka. Unaleta mtungi wako wa manjano, unauweka nyuma ya ule wa mwisho, unauliza aliye mbele yako ni nani, unangoja afike wa nyuma yako akujue. Halafu unaenda zako kivulini, au unarudi nyumbani kuangalia mbuzi. Mitungi ndiyo inayopiga foleni. Wa mbele akijaza na kuondoka, yeyote aliye karibu anaisogeza yote kwa mguu, mmoja mmoja, hata ya watu ambao hawapo. Usipokuwa na mtungi unaweka jiwe, au kiatu, na ni sawa, bora wajue ni cha nani. Kuutoa mtungi wa mtu kwenye mstari ni jambo zito. Nimeona wanawake wawili wa kanisa moja wakikosa kusalimiana misimu miwili ya mvua kwa sababu hiyo tu.

Kwa hiyo nilipita foleni yote ile kuanzia langoni, nikiwasalimu watu na kuwauliza majina, kwa sababu huwezi kuingia kwenye mstari na watu usiowajua. Wengine walicheka, lakini walijibu. Mwisho wa foleni nilikuta msichana mrefu wa miaka kama kumi na mitano, ana mtandio wa manjano, amesimama peke yake.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

Akaniambia.

"Wa nani?"

Akataja baba yake.

"Na yeye ni wa nani?"

Hapo akacheka, akataja babu yake. Kwao, baadaye nilikuja kujua, majina hupangwa hivyo hivyo, moja nyuma ya jingine, kama mitungi.

Nikaweka kiondo changu chini nyuma ya visigino vyake. Nilikisuka mwenyewe, cha mkonge, chenye mstari wa zambarau na mkanda wa ngozi. Ndani kulikuwa na leso, chupa ya maji na nusu chapati. "Mimi niko nyuma yako," nikamwambia. "Hiki ndicho mimi."

Msichana akakitazama. "Ni kizuri," akasema.

Nikaridhika. Jirani yangu akavua kandambili ya kushoto akaiweka nyuma ya kiondo. Nyuma yetu akaja kijana wa Nairobi na mchumba wake, ameziba masikio kwa vile vifaa vya muziki. Nilimgusa mkono, akatoa kimoja sikioni, akanitajia jina lake, akakirudisha. Nikamwonyesha kiondo na kandambili, nikamwambia sisi tuko mbele yake. Akainua kidole gumba. Nikaona kazi imekwisha, tukaenda kukaa chini ya mwarubaini uliokuwa karibu na vyoo.

Mjukuu wangu hakutulia. "Susu, hapa watu wenyewe wanasimama."

"Wacha wasimame. Wana magoti mapya."

"Na kiondo kikichukuliwa?"

"Na nani? Wote wanakijua."

Nilisema hivyo nikinyoosha miguu. Jirani yangu alikuwa ameshasinzia, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna.

Tulirudi saa tisa ikiwa imepita. Mawingu yalikuwa yamesogea na upepo ulikuwa umeanza kuokota makaratasi. Nikaona mtandio wa manjano umekaribia lango, nikafurahi. Halafu nikaangalia chini. Kiondo hakikuwepo. Kandambili ya jirani yangu ilikuwa imelala kwenye ua, juu chini. Na pale nilipomwacha msichana mmoja, walikuwepo watu tisa. Akina mama watatu, watoto wa kila kimo, na mwanamke mzee wa umri wangu aliyekalia kiti cha plastiki, fimbo iko magotini.

"Kiondo changu kiko wapi?" nikauliza.

Mwanamke mmoja akageuka. Alikuwa mama wa yule msichana, walifanana pua. "Kiondo gani, mama?"

"Kilikuwa hapa. Hapa ndipo nilipokuwa."

"Hapa hakukuwa na mtu."

"Mtu hakuwepo. Kiondo kilikuwepo."

Kijana wa Nairobi akatoa kimoja sikioni. "Shosho," akaniita, yaani nyanya, "foleni ni ya watu, si ya mizigo."

"Na wewe ulikuwa mtu ama ulikuwa redio?" jirani yangu akamwuliza. "Si uliambiwa ukainua kidole?"

"Nilidhani ananionyesha tu."

"Ulidhani tunauza?"

Mchumba wake akacheka akafunika mdomo. Jirani yangu akisikia mtu amecheka huongeza kuni. Akageukia wale tisa, akawahesabu kwa kidole mmoja mmoja. "Tuliacha msichana mmoja hapa. Hawa wengine wametoka wapi? Amewazaa akiwa amesimama?"

Uso wa yule msichana ukaingia ndani ya mtandio. Mama yake akasogea mbele. "Chunga mdomo, mama. Huyu ni mtoto. Tulimtuma ashike nafasi ya nyumba yetu. Mmoja wetu akisimama tumesimama sote. Kwani ninyi mnasimama aje?"

"Sisi tunasimama mmoja mmoja," jirani yangu akasema.

"Mmoja mmoja, na mlikuwa mmelala pale chini ya mti. Nimewaona."

Kulala tulilala kweli. Lakini moyoni nilikuwa nimeshawaita watu hao wezi wa nafasi, na jina hilo nalo nilikuwa nimeliweka pamoja na mengine yasiyosahaulika. Naliandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Msimamizi wa gurudumu akaja. Alikuwa mama wa makamo mwenye koti la kijani la kung'aa na filimbi shingoni, na alikuwa amechoka. "Ni nini hapa?" Wote tukasema pamoja. Akainua mkono. "Sikilizeni. Ambaye hakusimama arudi mwisho. Na niwaambie mapema, upepo ukizidi hivi nazima mashine. Raundi mbili au tatu zimebaki, si zaidi."

Mwisho wa foleni sasa ulikuwa umepita nyumba ya kurukia. Na saa kumi dereva wetu angepiga honi.

Mkono wa mjukuu wangu ulikuwa ndani ya wangu. Akauchomoa, pole pole, bila hasira.

"Wacha tu, Susu," akasema. "Siendi."

Msimamizi alidhani mtoto anasema haendi kwenye gurudumu. Akamwambia, "Utapanda siku nyingine, mrembo." Mimi nilijua ni wapi haendi. Nilimwona mama yake akifika mwezi wa kwanza na begi jipya la shule, na mtoto ameshikilia mguu wa kitanda changu, na mimi sina la kumwambia kwa sababu nililala chini ya mwarubaini.

"Tutajuaje sasa nani alikuwa nyuma ya nani?" msimamizi akasema, lakini hakuwa akituuliza, alikuwa anaondoka.

"Mimi najua," nikasema.

Akasimama.

Nikaanzia langoni. Wale ndugu wawili wa Tseikuru wanaouza mbuzi, nikawataja, mkubwa kisha mdogo. Wakageuka, mmoja akaitikia kama yuko darasani. Nyuma yao mwalimu wa Zombe na mkewe, nikawataja, na mtoto wao aliyepewa jina la bibi mzaa baba. Yule mke wa mwalimu akasema, "Ni kweli, nilimwambia mwenyewe." Nikaendelea kushuka na foleni, jina kwa jina, watu wakawa wananyamaza, yule aliyetajwa ananyoosha shingo. Kijana wa Nairobi akatoa vile vifaa vyote viwili masikioni. Nikafika kwa msichana wa mtandio wa manjano. Nikamtaja yeye, mtoto wa baba yake, mtoto wa babu yake.

Mwanamke mzee aliyekuwa kwenye kiti akainua kichwa.

Akamwuliza msichana kitu kwa lugha yao. Msichana akamjibu. Mzee akanigeukia mimi. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mifugo, kifupi na safi. "Rudia."

Nikarudia, majina yote matatu.

"Huyo wa mwisho ni mume wangu," akasema. "Alikufa. Hii ni mvua ya tatu. Mtu wa nje hajamtaja mbele yangu tangu siku hiyo. Wewe nani alikupa?"

"Mtoto wako. Nilimwuliza ni wa nani."

"Kwa nini uliuliza?"

"Nilikuwa nyuma yake. Nitakaaje nyuma ya mtu nisiyemjua?"

Alinitazama, halafu akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na fimbo ikaanguka. Nikainama kuiokota, magoti yakalia, tukacheka wote wawili. Akamwambia mama wa msichana kitu, na mama yule akaangalia chini.

"Ni mimi nilikichukua," akaniambia. "Kiondo chako. Nilipokuja nikakikuta katikati ya njia hakina mwenyewe, na ndani kuna chakula. Nikasema kuna mzee amekisahau, watakiiba. Nikakipeleka kwenye meza ya vitu vilivyopotea. Mtoto alisema kina mwenyewe, mimi sikumsikiliza, na ulipokiuliza nikaona haya. Nilikuwa nasaidia, mama."

Tukatazama wote. Kilikuwa mezani karibu na lango, kati ya kofia ya mtoto na kiatu kimoja, kimesimama wima vizuri. Nusu chapati yangu ilikuwemo. Hata pindo la leso alikuwa amelikunja ndani lisipeperuke.

Basi hapo maneno yakawa ya kuelezana. Mzee akaniambia kwamba kwao, kwenye visima vya mifugo, mtu mmoja hutangulia na kamba, anasimama kisimani, na yeye ndiye anayesema kwa ajili ya nyumba yote. Ngamia wanakuja nyuma, na hakuna anayeuliza wametoka wapi. Nikamweleza mitungi yetu.

"Mnaacha kitu kisichoweza kusema?" akauliza.

"Na ninyi mnaacha msichana mmoja aseme kwa ajili ya ngamia wote hao?"

"Huyu mmoja anasema sana ukimjua," akajibu, na msichana akatabasamu mara ya kwanza tangu turudi.

Jirani yangu alikuwa amevaa kandambili yake na anaangalia mahali pengine. Nikamgusa kwa kiwiko. Akamwendea msichana. "Mwanangu, huu mdomo wangu ulitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata," akamwambia. "Nisamehe." Msichana akasema hakuna neno.

"Ninyi mnaongea," msimamizi akasema, "mimi nazima. Raundi ya mwisho ndiyo hii."

Kiti kimoja cha gurudumu hukaliwa na watu wanne. Mzee akawatazama watu wake, akawagawa kwa fimbo kama mifugo langoni: wanne hapa, wanne pale. Akabaki yeye. Akaninyooshea mkono. "Wewe uko nyuma yetu. Na mtoto wako. Njooni."

Kijana wa Nairobi angeweza kulalamika, alikuwa amesimama muda wote huo. Akasema, "Shosho, mimi hukunitaja. Jina langu ulilisahau?"

Nikalitaja, na la mchumba wake, ambalo kijana alilitaja mara moja tu akimwagizia soda. Akamwangalia mchumba wake akatikisa kichwa. "Piteni," akasema. "Sisi tutaingia kile cha nyuma."

Nafasi ya nne jirani yangu hakuitaka. Alisema amekuja kusindikiza. Mzee akamshika mkono bila kumwuliza, akamkalisha.

Kuhusu kupanda sitasema mengi. Kiti kiliondoka chini, nikashika chuma kwa mikono miwili. Jirani yangu alifumba macho akaanza kuomba, na alipomaliza akaanza upya. Mjukuu wangu alikaa mkabala nami, hakushika chuma, alishika kiondo changu. Tukapanda, tukaona mapaa ya mabati ya Mwingi, na barabara ya lami, na mabasi madogo kama sabuni za vipande. Kiti chetu kilipofika juu kabisa, gurudumu likasimama, na upepo ukatubembeza.

Mtoto akageukia mashariki.

Akanyoosha kidole. "Susu. Ni vile?"

Macho yangu yana ukungu miaka sasa. Mimi naona mawingu hata kusipokuwa nayo. "Unaona nini?"

"Kitu cha samawati. Kina mgongo, halafu kinashuka, halafu kina mgongo mwingine."

Ningeweza kusema naam, ndivyo. Angefurahi. Lakini huyu angeniuliza tena siku nyingine, akiwa mkubwa. "Mimi sioni, mama," nikamwambia. "Upande ndio huo. Vilima vyetu vina migongo miwili. Lakini macho yangu hayafiki."

Akamtazama jirani yangu, akakuta amefumba macho, hana msaada. Ndipo yule mzee akaegemea mbele, akaweka kiganja juu ya macho, akatazama kama mtu anayetafuta mnyama wake kati ya wanyama wa watu.

"Kilima kiko," akasema. "Hicho nakijua. Zamani tukishuka na ngamia wakati wa kiangazi tulikiona siku mbili kabla ya kufika. Mume wangu alikuwa anakionyesha watoto. Anawaambia, hapo ndipo maji yapo."

"Siku mbili?" mjukuu wangu akauliza.

"Kwa miguu. Kwa gari sijui."

"Na mlikuwa mnakiona tu, kwa siku mbili?"

"Asubuhi tunakiona. Mchana vumbi linakificha. Jioni kinarudi."

Mtoto akarudi kukitazama. Nilimwona akipima kitu kichwani. Gurudumu likaanza kushuka, naye akageuza shingo pole pole akifuata kile kitu cha samawati, mpaka mapaa ya Mwingi yalipokifunika.

Basi letu lilikuwa limeshawashwa. Dereva alitutazama tukija, mimi nikichechemea, akatazama saa yake. Kivuko kilikuwa kikavu. Mvua yenyewe iligeuka ikaenda kwa watu wengine.

Mwezi wa kwanza mama yake alikuja kumchukua. Tulipika wali, tukafunga nguo, na mtoto hakushika mguu wa kitanda. Alichukua kamtungi kake ka manjano ka lita tano, kale alikokuwa akitumia kuchotea maji nami, akakapeleka pale karibu na mlango mitungi yangu inapokaa. Akakaweka nyuma ya mtungi wangu mkubwa.

"Niko nyuma ya nani?" akaniuliza.

"Nyuma yangu."

"Hiki ndicho mimi," akasema. "Usiache kisogezwe na mtu."

Mama yake akanitazama akidhani ni mchezo wetu. Sikumweleza siku hiyo. Nimemweleza baadaye, kwa simu.

Huwa wananipigia Jumapili baada ya kanisa. Mtoto ananiambia huko Wote kuna vilima pia, lakini vina mgongo mmoja tu. Anasema shuleni wanapiga foleni ya uji, na yeye ameshajua majina ya wote walio mbele yake na wa nyuma wawili, na wameanza kumwita kwa jina lake. Ananitajia majina hayo yote, nami nayaweka. Kisha anauliza kama kamtungi kapo. Nikienda kioskini huwa nakabeba, nakajaza, nikirudi nakaweka palepale.

Juzi jirani mgeni, aliyeolewa kwetu majuzi tu, alikuja kuazima kwangu mtungi wa kuchotea. Akainama achukue kale kadogo.

"Hako kana mtu," nikamwambia.

Akaniuliza ni nani. Nikamtajia jina lake, na la mama yake, na langu. Akachukua mwingine.